MTO ZIGI: KUTOKA MSITU WA AMANI HADI BOMBA LA MJINI



Mito mikubwa ya nchi yetu, kama vile Rufiji, Pangani na Ruvuma, hufundishwa shuleni, na karibu kila aliyepita darasani aweza kuitaja. Mito midogo haina bahati hiyo. Lakini mto unaomgusa mwanachama wa chama cha msingi kila siku, ule anaochotea maji na kunyweshea mifugo, aghalabu ni mto mdogo ambao kwenye ramani huonekana kama uzi.

Katika toleo hili twaeleza habari za mmoja wa mito hiyo. Nao ni Zigi, ambao wengine huuandika Sigi, katika Mkoa wa Tanga. Tumeuchagua kwa sababu ni mfupi kiasi cha kuweza kufahamika wote kwa pamoja. Kutoka Amani mlimani hadi Tanga mjini, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 50 tu. Hivyo mkulima anayepalilia iliki huko juu na mama anayefungua bomba huko Chumbageni wanatumia maji yale yale, ingawa huenda hawataonana maishani mwao. Maelezo haya yatasaidia pia vyama vilivyo kando ya mito mingine, kwani mambo yanayoupata Zigi huipata mito yote itokayo katika milima yenye misitu.

MAHALI ULIPO

Milima ya Usambara imegawanyika sehemu mbili. Usambara Magharibi ndiyo kubwa, yenye mji wa Lushoto. Usambara Mashariki ni ndogo, nayo iko karibu zaidi na bahari. Kati yake limelala Bonde la Lwengera. Maji yanayoteremka upande wa bonde hilo huingia Mto Lwengera, kisha Pangani. Zigi hukusanya maji ya upande unaoelekea bahari, na haupitii katika mto mwingine: huingia wenyewe katika Bahari ya Hindi, kaskazini ya mji wa Tanga.

Kilele kirefu kuliko vyote katika Usambara Mashariki ni Nilo, chenye urefu wa mita 1,506 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa juu wa Amani uko kwenye mita 900 hivi. Milima hii si mirefu ikilinganishwa na Kilimanjaro au Meru, wala haina theluji. Mtu asiyeifahamu aweza kujiuliza: mto usio na theluji wala ziwa kichwani mwake wapata wapi maji ya kutiririka mwaka mzima?

MVUA, UKUNGU NA MSITU

Jibu laanzia baharini. Upepo wa pwani hubeba unyevu. Ufikapo kwenye ukuta wa Usambara hulazimika kupanda, na hewa inapopanda hupoa, nayo ikipoa hushindwa kuubeba unyevu wake. Ndipo mvua hunyesha. Amani hupata kwa mwaka wastani wa milimita 1,900 hivi, kiasi kinachozidi kwa mbali mvua ya pwani yenyewe.

Katibu akitaka kuwaeleza wanachama maana ya tarakimu hizo, afanye hesabu hii. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya hekta moja ni lita 10,000 za maji, yaani madebe 500 ya lita 20. Kwa hiyo milimita 1,900 katika hekta moja ni lita milioni 19 kwa mwaka. Hakuna chama chenye tangi la kuhifadhi maji kiasi hicho. Tangi lililopo ni ardhi, na msitu ndio unaofungua mlango wa tangi hilo.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Tone la mvua liangukapo msituni hupokelewa kwanza na majani ya miti mirefu, kisha na miti ya chini yake, na mwisho na tandiko la majani makavu. Hufika chini likiwa limepoteza nguvu ya kuumiza udongo. Ardhi ya msituni imejaa mizizi hai, mashimo ya mizizi iliyooza na njia za minyoo na wadudu, kwa hiyo maji huzama badala ya kukimbia. Hushuka polepole katika udongo mwekundu wenye kina na katika nyufa za miamba ya kale iliyo chini yake, yakatokeza upya katika chemchemi baada ya siku, majuma au miezi. Maji yaliyonyesha katika masika ndiyo yanayoonekana mtoni wakati wa kiangazi. Msitu hauumbi maji. Kazi yake ni kuyapa muda.

Miti nayo hunywa maji, na kwa wingi. Asemaye kwamba msitu huongeza jumla ya maji ya mto hasemi sawasawa. Manufaa makubwa ya msitu ni kwamba mto hauwi mafuriko mwezi wa Mei na mchanga mtupu mwezi wa Februari, na kwamba maji yake huwa safi. Kwa mkulima na kwa mji, mto wa wastani usiokauka una thamani kuliko mto mkubwa wa wiki mbili.

Jambo jingine lahusu rutuba. Udongo wa Usambara Mashariki umeoshwa na mvua kwa muda mrefu mno, nao una asidi. Rutuba yake kwa sehemu kubwa imo katika tabaka la juu, litokanalo na majani yanayooza. Mgeni aonapo msitu mnene hudhani ardhi yake ni tajiri bila kikomo. Akiufyeka hupata mavuno mazuri miaka michache, kisha ardhi humchoka, naye huichoka. Tabaka lile la juu huwa limekwisha kushuka mtoni.

SAFARI YA MTO

Vijito vinavyouanzisha Zigi hutoka katika misitu, mashamba na vijiji vya juu vya Wilaya ya Muheza, pande za Amani, Mbomole, Misalai na Zirai. Huku kuna mashamba makubwa ya chai, kama ya Kwamkoro na Bulwa, na mashamba madogo ya wananchi ya iliki, karafuu, pilipili manga, migomba na miwa. Katikati yake umo msitu wenye mimea na viumbe vingi ambavyo kwa asili havipatikani popote pengine duniani isipokuwa katika milima ya Tanzania na Kenya ya namna hii.

Kutoka uwanda huo mto huteremka kwa kasi katika makorongo yenye miamba hadi mahali paitwapo Sigi, chini ya mlima. Hapo ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Ukishafika chini mto hutulia, hupita katika nchi ya vilima vifupi, karibu na msitu wa misaji wa Longuza, na kupokea mito mingine, mkubwa wake ukiwa Kihuhwi. Hii ni nchi ya Wabondei, nchi ya michungwa na minazi. Mbele zaidi mto huingia nchi ya mkonge, kisha ukanda wa mawe ya chokaa wa Amboni, maarufu kwa mapango yake na kwa chemchemi za maji ya moto yenye salfa. Baada ya hapo ni mikoko na bahari.

Kabla ya kufika huko, mto husimamishwa kwenye Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Maji ya bwawa hili husafishwa katika mtambo wa Mowe, na ndiyo yanayolisha Jiji la Tanga kwa sehemu kubwa kabisa: nyumba, shule, hospitali, viwanda na bandari. Kwa maneno mengine, jiji zima limeweka ndoo yake chini ya mlima mmoja.

WALIOPITA KATIKA BONDE HILI

Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota katika nchi hii ua dogo la zambarau linalopenda kivuli na unyevu wa miamba. Leo ua hilo, ambalo wataalamu waliliita Saintpaulia kwa jina lake, hupambwa madirishani katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na bustani ya mimea iliyoletwa kutoka pande nyingi za dunia. Kati ya mwaka 1904 na 1910 ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi, hasa kwa kuteremsha mbao. Reli hiyo haipo tena; nyumba ya mkuu wa stesheni imekuwa ofisi ya kupokelea wageni wa hifadhi.

Baada ya reli ulikuja msumeno wa mashine. Katika miaka ya 1970 na 1980 mbao zilivunwa kwa matrekta makubwa, na njia za kuburuzia magogo zikageuka makorongo. Uvunaji huo ulikomeshwa katika nusu ya pili ya miaka ya 1980. Kuanzia mwaka 1991, kwa msaada wa Finland, kazi iligeuzwa kuwa ya kuhifadhi vyanzo vya maji. Na mwaka 1997 hekta 8,380 zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake nchini.

Wakati huo huo palikuwa na mabadiliko yasiyo na kelele za mashine. Iliki hupenda kivuli. Mkulima wa iliki haangushi miti mikubwa. Husafisha chini yake tu. Kwa macho msitu hubaki umesimama. Lakini miche ya miti mikubwa hung'olewa pamoja na magugu, hivyo mti mzee uangukapo hauna mrithi. Miaka ikipita iliki nayo hudhoofu, na mahali pake hupandwa mahindi, mihogo au miwa kwenye jua kali. Msitu hufa kwa uzee bila kupigwa shoka. Tunasema haya bila kumlaumu mkulima wa iliki: zao hilo lilimjengea nyumba na kusomesha watoto wake, na kwa miaka mingi halikuwa na mbadala wenye bei kama yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulizuka pia uchimbaji wa dhahabu pande za Sakale, katika vyanzo vya mto. Wachimbaji walifukua kingo na vitanda vya vijito kabla ya kuondolewa na serikali. Vijito vilivyofukuliwa kwa siku chache havirudi hali yake kwa siku chache.

MATOPE YANAVYOSAFIRI

Tufuate sasa udongo wa shamba moja. Shamba liko mteremkoni, limelimwa kutoka juu kwenda chini bila matuta, na mahindi bado ni machanga. Mvua ya kwanza ya masika yapiga udongo ulio wazi. Matone huvunja chembe zake na kuziba matundu, na maji yasipopata pa kuzama hukimbia. Yanapokimbia hubeba kwanza tabaka la juu, ambalo ndilo mbolea ya mkulima. Kijito huwa chekundu, na baada yake Zigi wote huwa mwekundu.

Maji yenye kasi hubeba mzigo, yanapotulia huushusha. Yanatulia wapi? Bwawani. Kila msimu sakafu ya bwawa hupanda kidogo, na nafasi ya maji hupungua kwa kiasi hicho hicho. Udongo mwororo usiozama mapema huendelea hadi mtamboni, ambako hapana budi kutumia dawa zaidi kuugandisha na kuosha vichujio mara kwa mara. Gharama hiyo haiandikwi kwa jina la mteremko fulani. Huonekana mwisho wa mwezi katika ankara ya maji, au katika bomba lililokauka.

Kwa hiyo mkulima wa juu na mlaji wa chini hupata hasara moja mara mbili. Udongo uliokuwa mali shambani umekuwa taka bwawani.

MITA SITINI ZA NANI?

Hapa twafika kwenye jambo gumu, ambalo makatibu wa vyama vya milimani huulizwa kila mara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu au zinazoweza kuudhuru mto. Sababu yake yaeleweka: ukanda wa miti na majani kando ya mto ndio kichujio cha mwisho kabla tope halijaingia majini.

Lakini tupige hesabu. Mwanachama ambaye shamba lake limepakana na kijito kwa urefu wa mita 200, upande mmoja tu, aambiwa aache mita za mraba 12,000. Hizo ni hekta 1.2, au ekari tatu kasoro kidogo. Kwa familia nyingi za milimani hilo ndilo shamba lote. Tukimwambia mtu huyo kwamba maji ni uhai, atakubali. Kisha atauliza watoto wake watakula nini.

Swali lake ni la haki, nalo lahitaji jibu la hesabu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 ili kupanua huduma zake, nayo ilinunuliwa yote. Fedha hizo zajenga mitambo na mabomba. Lakini bomba halizalishi maji. Thamani ya mabomba hayo yote yategemea jinsi jembe linavyotumika huko Zirai na Misalai. Ikiwa mwenye fedha aweza kukopesha mto na kulipwa riba, basi anayeutunza mto kwa kuacha ekari tatu zake naye astahili sehemu yake.

Bonde la Zigi lina mifano ya kujaribu kutoa sehemu hiyo. Wakulima wa vijiji vya juu waliunda umoja wao wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, ujulikanao kwa kifupi kama UWAMAKIZI, nao umeshirikiana na mamlaka ya maji ya Tanga katika kulinda vyanzo. Kuanzia mwaka 2003 wakulima walifuga vipepeo na kuuza buu zao Ulaya na Marekani, kazi iliyodai msitu usimame. Lakini zuio la mwaka 2016 la kusafirisha wanyama hai liliwafungia soko. Mbegu za msambu, mti wa asili wenye mbegu za mafuta, nazo zilipata wanunuzi.

Mifano hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, mkulima yu tayari kuhifadhi pale anapoona pato. Pili, pato linalotegemea mnunuzi mmoja au kibali kimoja laweza kukatika siku moja. Ndiyo sababu kazi hii yafaa kuwa ya chama, chenye mazao zaidi ya moja na sauti ya wengi, kuliko kuwa ya mtu mmoja mmoja.

CHAMA CHAWEZA KUFANYA NINI

Mipaka ya vyama vyetu imefuata vijiji na mazao, ilhali mto hauijui mipaka hiyo. Chama cha iliki cha juu na chama cha machungwa cha chini havina shauri moja, ingawa vina maji mamoja. Kanuni ya saba ya ushirika, iliyopitishwa na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika mwaka 1995, ni kujali jamii. Na hapa jamii ni kila anayekunywa katika mto huo. Twapendekeza mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila chama kifahamu kijito chake. Maji yaweza kupimwa bila mashine. Chagua mahali kijito kiliponyooka, pima urefu wa mita 10, tupa chungwa majini na uhesabu sekunde. Tuseme limechukua sekunde 20: mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Ikiwa upana ni mita 2 na kina cha wastani ni mita 0.3, zidisha 2 kwa 0.3 kwa 0.5, upate mita za ujazo 0.3. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, zidisha tena kwa 0.8. Jibu ni mita za ujazo 0.24, yaani lita 240 kwa sekunde. Katibu apime kila mwezi, siku ile ile na mahali pale pale, na kuandika katika daftari. Daftari la miaka mitano litasema mengi mbele ya bodi ya maji kuliko hotuba ya saa moja.

Pili, chama kisimamie makinga maji. Mstari wa usawa waweza kupatikana kwa miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, pamoja na uzi na jiwe. Kingo za matuta zipandwe majani ya kulishia ng'ombe, ili ardhi iliyotolewa kwa matuta irudishe maziwa. Kazi hii ifanywe kwa zamu, shamba baada ya shamba, kuanzia juu ya mteremko. Kwani tuta la chini halihimili maji ya jirani wa juu asiye na tuta.

Tatu, ukanda wa mto usiachwe mtupu bali upandwe kwa makubaliano miti ya asili ya mahali hapo, ikiwa pamoja na ile itoayo mbegu au matunda bila kukatwa. Kabla ya kupanda, chama kipate ushauri wa maofisa wa misitu na wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na makubaliano yaandikwe.

Nne, na hili ndilo kubwa, vyama vya juu na vya chini viwe na kikao kimoja kwa mwaka. Agenda iwe moja: nani ametoa nini kwa ajili ya mto, na nani amefaidika. Madai ya wanachama wa milimani yapelekwe kwa bodi na kwa mamlaka ya maji yakiwa na hesabu ya ekari zilizoachwa, mita za matuta zilizochimbwa na vipimo vya daftari. Dai lisilo na hesabu hupokelewa kama ombi. Lenye hesabu hujibiwa.

MWISHO

Wazee husema maji hufuata mkondo. Udongo, gharama na lawama navyo hufuata mkondo huo huo, kutoka juu kwenda chini. Kitu kimoja tu hakiwezi kwenda chenyewe kutoka chini kurudi juu, nacho ni malipo ya haki kwa anayeutunza mto. Hicho hapana budi kibebwe na watu, na katika nchi yetu chombo kilichoundwa kubeba mzigo wa namna hiyo ni ushirika.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya katika mkutano wa wanachama, na kuanza kupima vijito vyao kabla ya masika yajayo.